Mkono wa Kushoto wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu alipiga pasi miaka ishirini na miwili katika dobi kubwa iliyo nyuma ya hospitali, na miaka kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa mlinda wiketi wa timu ya kriketi ya wanawake. Ndiyo maana kila mtu alimwita Pasi, kuanzia wachezaji wenzake hadi muuza maji wa pale uwanjani. Hata mimi nilimwita hivyo nilipokuwa nimefurahi naye. Nikiwa sijafurahi nilimwita mke wa mwanangu, na hapo alijua kuna jambo.

Mwanangu mwenyewe hakuwepo. Alihamia kwa mwanamke mwingine, mji wa mbali, mwaka wa sita wa ndoa yao. Watu walitegemea nifunge mzigo nimfuate, kwani mama hufuata mwana. Niliwajibu kwamba mwanangu ana miguu, akinitaka anajua nilipo. Nikabaki na mkwe. Tulikuwa na vyumba viwili, jiko moja, ua wa sementi na kamba ya nguo. Tuligombana kwa mambo ya sufuria na tukapatana kwa mambo ya uzima, kama watu wanaopendana wanavyofanya.

Kila Jumamosi nilikwenda naye uwanjani. Mwanzo nilikwenda kukaa tu kivulini. Halafu siku moja mwandishi wa timu hakutokea, nahodha akauliza nani ana hati nzuri. Nimeishia darasa la saba, lakini hati yangu mwalimu alikuwa akiibandika ukutani wengine waige. Nikapewa daftari la mchezo na kalamu, na sikuvirudisha tena. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota njiani. Niliyaandika mwenyewe, mpira baada ya mpira.

Asiyeijua kriketi nimweleze kidogo, asije akapotea. Miti mitatu imesimikwa ardhini, na juu yake vimelazwa vijiti viwili, vyepesi kama njiti za kuchokonolea meno za mtu mkubwa; hiyo ndiyo wiketi. Mpigaji anasimama mbele ya miti na gongo lake, ndani ya mstari uliochorwa kwa chokaa. Nyuma ya miti anachuchumaa mlinda wiketi na glavu zake. Mpigaji akitoka nje ya mstari kuufuata mpira, akaukosa, mlinda wiketi anaudaka na kuviangusha vile vijiti kabla mpigaji hajarudi. Hapo mpigaji ametoka. Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, na mkwe wangu aliifanya kama mtu anayeua mbu.

Msimu ninaousema ulianza na mkosi. Ligi ilikuwa na timu sita, na mwaka ule chama kilitangaza kwamba ya mwisho itashuka. Mwenyekiti wa klabu yetu, mtu wa suti hata kwenye jua kali, alikuja mazoezini akasema bila kuzunguka kwamba wanawake wakishuka, klabu haitakuwa tena na timu ya wanawake. Glavu, magongo na siku ya uwanja vingekwenda kwa timu ya wanaume ya pili. Alisema hivyo huku akiangalia saa. Nahodha wetu, ambaye ni nesi wa wodi ya watoto, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamuuliza kama ana swali jingine, maana yeye ana zamu saa nane.

Wengine wangepata pa kwenda. Nesi alikuwa na wodi yake. Mama Mayai, mrushaji wetu wa mipira ya kuzungusha, alikuwa na meza yake ya mayai sokoni. Lakini mkwe wangu alikuwa na nini? Katika dobi alikuwa meza namba tisa. Nyumbani alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo. Uwanjani tu ndiko alikokuwa Pasi, na watu kumi walimtazama kabla ya kila mpira kuona amesimama wapi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Timu ikifa, hakuna klabu nyingine ambayo ingemchukua. Hakulisema hilo hata siku moja, ila usiku ule alisugua sufuria moja mpaka nikaionea huruma sufuria.

Tulipoteza mechi ya kwanza na ya pili. Katika ya tatu tulicheza na timu ya wafanyakazi wa reli, na tulikuwa tunaelekea kushinda. Mpigaji wao tegemeo, mwanamke mnene mwenye nguvu za kubeba gunia, alitoka kuufuata mpira wa Mama Mayai akaukosa. Pasi akadaka, vijiti vikaruka, timu nzima ikainua mikono. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya kalamu kwenye daftari.

Mwamuzi wa pembeni alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta. Hakuinua kidole, ile ishara kwamba mtu ametoka. Alitikisa kichwa tu.

Pasi alimfuata, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na miwili. Mzee wa posta hakurudi nyuma. Alimwambia taratibu, kama anayesoma anwani kwenye bahasha, "Mpira ulikuwa mkono wa kulia, mama. Vijiti umeviangusha na wa kushoto. Mkono mtupu hauangushi wiketi."

"Mikono yote ilikuwa pamoja, mzee."

"Haikuwa."

Akaapa. Aliapa mbele ya watu kwamba mpira ulikuwa katika glavu mbili zilizoshikana. Nahodha akamshika begani akamrudisha. Yule mwanamke wa reli akabaki, akapiga mpira kila upande, tukashindwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani Pasi alitembea mbele yangu kama mtu aliyeibiwa na anayemjua mwizi.

Mimi nilimwamini. Nilimchukia yule mzee wa posta kwa moyo wangu wote, nikasema macho yamemwisha kwa kusoma barua za watu.

Kesho yake, Jumapili, Pasi alikuwa anapiga pasi shuka zetu kwenye meza ya chumbani. Nilikuwa nimekaa kitandani na kikombe cha chai, simtazami kwa lolote, natazama tu kama mtu anavyotazama mvua. Mkono wa kulia ulinyanyua pasi. Kabla pasi haijatua, mkono wa kushoto ulishatangulia, umefagia kitambaa kutoka huku kwenda kule, fyaa, kukinyoosha. Pasi ikapita. Ikanyanyuliwa. Kushoto tena, fyaa. Kulia inashika, kushoto inafagia. Miaka ishirini na miwili, shati baada ya shati, shuka baada ya shuka, na ule mkono haumngoji mwenyewe aufikirie.

Nikaweka kikombe chini.

Nilijua nikisema nitaumia, na nikinyamaza timu itaumia. Nikasema. Nilimwambia mzee wa posta hakukosea, anyooshe kitambaa tena ajitazame mwenyewe.

Alijitazama. Alipiga pasi upande mmoja wa shuka polepole kama mwanafunzi, kisha akaizima pasi ukutani, akakaa. Alinyoosha vidole vyake vya kushoto mbele ya uso. Ncha zake zilikuwa nyeupe na laini, zimeungua na kupona na kuungua, hata alama za kidole hazikuonekana sawasawa. Akazibana moja moja kwa mkono wa pili.

"Hivi vidole, mama, havisikii kitu," akasema. "Mpira ukiwepo au usipokuwepo, kwao ni mamoja."

Halafu akanikasirikia. Siku mbili hakunisemesha, aliniwekea chakula mezani na kunigeuzia mgongo, kama vile mimi ndiye niliyempa mkono ule. Nilimwacha. Mtu akionyeshwa kosa lake kwanza humchukia aliyelionyesha, na mimi nilikuwa karibu kuliko mzee wa posta.

Siku ya tatu alirudi kazini na uamuzi wake. Aliamua kubadili mikono. Atashika pasi kwa kushoto, afagie kwa kulia, mpaka ule mkono mkaidi usahau. Hakumwambia mtu. Pasi za pale dobini si hizi za nyumbani. Ni za chuma kizito, zina bomba la mvuke juu, na zikitulia mahali kwa kuvuta pumzi mbili zinaacha ramani. Siku ya kwanza aliunguza kola ya daktari. Siku ya pili mfuko wa koti jeupe. Msimamizi, mwanamke mkavu ambaye hajawahi kupaza sauti maana hajawahi kuhitaji, alisimama karibu na meza namba tisa kwa muda mrefu, akamuuliza kama anaumwa. Pasi akasema haumwi. Msimamizi akasema basi amwone anavyofanya. Na mbele ya macho yake nguo ya tatu ikaungua.

Akamtoa kwenye pasi akamweka kwenye meza ya kukunja shuka, na wasichana wa miaka ishirini. Alimwambia jambo moja tu, kwamba nguo ya nne itakuwa ya mwisho. Niliyapata haya kutoka kwa wasichana wenyewe. Yeye aliniambia amebadilishiwa kazi kwa kuwa pasi zinatengenezwa.

Uwanjani nako mambo yalikuwa yanachacha. Habari ya mkono wa kushoto ilikuwa imeenea ligi nzima, maana kriketi ya wanawake ni kijiji, mtu akipiga chafya upande mmoja anaombewa afya upande wa pili. Wapigaji wa timu pinzani walimuuliza kabla hata hajachuchumaa, "Shangazi, leo mkono gani?" Wengine walimpungia kwa kushoto. Alicheka nao, lakini alianza kusita. Mlinda wiketi anayesita ni kama mlango wenye bawaba mbovu. Alipodaka mpira alikuwa anafikiria mikono yake, na wakati anafikiria mpigaji amesharudi. Alipoteza watu watatu namna hiyo katika mechi mbili. Nimewaandika wote.

Nahodha akafanya linalompasa nahodha. Mechi ya saba akamweka Chiriku, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiongea tangu anaingia uwanjani hadi anatoka. Pasi alikaa pembeni yangu kwenye meza ya daftari. Aliikazia macho kalamu yangu. Kila Chiriku alipodaka alipiga makofi kabla ya mtu yeyote, na kila alipokosa nilisikia pumzi yake ikikatika.

Nilikwenda kwa mzee wa posta. Ilinigharimu, kwa maneno niliyokuwa nimemsema nyuma ya mgongo wake. Alikuwa anakaa chumba kimoja chenye kitanda kilichotandikwa kijeshi na rafu ya vitabu, na hakuniuliza nimefuata nini. Nilimwomba kitabu cha sheria za mchezo. Alinipa kilichopigwa chapa zamani, cha chama, kwa Kiswahili, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa magunia. Akaniambia wachezaji hawajawahi kukiazima, wao sheria huzisikia tu.

Nilikisoma wiki mbili. Wasomi husoma kwa kurukaruka kwa sababu wanajua wanachotafuta. Mimi sikujua, kwa hiyo sikuruka hata nukta. Nilisoma urefu wa gongo, uzito wa mpira, nini kinafanyika mpira ukimgonga ndege. Na katika ukurasa wa kuvunja wiketi, chini kabisa, nikakuta kifungu ambacho hakuna mtu wa timu yetu aliyewahi kukitaja. Kilisema kwamba vijiti vikiwa vimeshaanguka vyote, mchezaji bado anaweza kumtoa mpigaji kwa kung'oa mti mmoja kutoka ardhini, ili mradi mkono unaong'oa ndio wenye mpira.

Nilikisoma mara nne. Kisha nikamsomea Pasi, kidole kwenye mstari.

Aliguna. "Mama, nani anapata nafasi hiyo? Vijiti vishaanguka, mtu anarudi, mimi nang'oa miti kama navuna mihogo."

"Wewe mkono wa kushoto umeukataza ukakataa," nikamwambia. "Basi usiukataze. Mwache aliyetangulia atangulie. Wa kulia naye apewe kazi yake."

Akaenda uani. Tulikuwa na ndoo tatu kuukuu; alizijaza udongo akaumwagia maji, akasimika mipini ya fagio iliyokatwa, akaukanyaga udongo mpaka ukakauka kama tofali. Kila jioni kabla ya kupika nilimrushia chungwa bichi, maana mpira tulikuwa hatuna wa kuchezea nyumbani. Anadaka kwa kulia, kushoto inafagia, fyaa, hewa tupu, na kulia inashuka, inabana chungwa na mpini pamoja, inavuta. Wiki ya kwanza mpini haukutoka hata mara moja. Chungwa lilipasuka, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Wiki ya pili ulianza kutoka. Jirani alitazama juu ya ukuta akaniuliza mkwe wangu ana nini. Nikamwambia anajifunza kung'oa meno.

Tulifika mechi ya kumi, ya mwisho, tukiwa mkiani. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Tukiwashinda wanafunzi wa chuo, wao wanashuka na sisi tunabaki. Wakitushinda, hatupo.

Asubuhi ile nahodha alisimama na orodha yake, na kabla hajasoma jina la mlinda wiketi Chiriku akamkatiza. Alisema yeye mipira ya Mama Mayai haioni, anaisikia tu ikipita. Mechi ya leo amweke shangazi. Aliyasema hayo haraka haraka kisha akanyamaza, na kunyamaza kwa Chiriku ni jambo ambalo lazima mtu aliheshimu. Nahodha alimtazama Pasi muda mrefu. Akaandika.

Tulipiga sisi kwanza, tukapata mikimbio, yaani alama, mia moja na kumi na mbili. Si mingi. Wanafunzi walianza kuifuata kama watu wanaoshuka mlima. Walikuwa na kelele, walikuwa na nyimbo, na kila Pasi alipohama upande mmoja hadi mwingine waliokaa pembeni waliimba, "Mkono gani? Mkono gani?" Lakini wapigaji wao walianza kutoka mmoja mmoja. Mia moja, watu saba wameshatoka. Mia na sita kwa wanane. Mia na tisa kwa tisa. Jasho lilinidondokea kwenye daftari nikalifuta kwa pindo la kanga nisiharibu namba.

Ilibaki ova ya mwisho, mipira sita. Walihitaji mikimbio minne washinde. Sisi tulihitaji mtu mmoja tu atoke, wa kumi na wa mwisho. Nahodha alimpa mpira Mama Mayai, mwanamke ambaye vidole vyake vilishazoea kushika kitu asikivunje.

Mpira wa kwanza, hakuna. Wa pili, mkimbio mmoja, mia na kumi. Wa tatu, hakuna. Aliyekuwa anapiga ni nahodha wao, binti mrefu mwenye miguu ya twiga, na aliyekuwa upande wa pili ni mwenzake mfupi, mwepesi wa macho. Mzee wa posta alikuwa pembeni, mikono nyuma, ametulia kama mlingoti wa bendera.

Mpira wa nne Mama Mayai aliurusha juu na polepole, mwepesi wa kutamanisha. Twiga akashindwa kuvumilia. Akatoka, hatua mbili, hatua tatu, akapiga, akapiga upepo. Mguu ukamteleza, akaanguka kifudifudi mbele ya mstari na gongo likielekea kule asikotaka.

Pasi alidaka. Na mkono wa kushoto ukafagia.

Niliuona. Vijiti viliruka kama siku ile ya reli, hivyo hivyo, na timu yetu nzima ikainua mikono, ikaruka, Chiriku akaingia uwanjani anakimbia. Mimi sikuinua kalamu. Nilimtazama mzee wa posta. Mikono yake ilikuwa bado nyuma.

Na yule mfupi wa upande wa pili naye aliona. Alipaza sauti iliyochana uwanja, "Rudi! Mkono siyo! Rudi!" Twiga akajigeuza palepale chini, kama samaki, akalinyoosha gongo kuelekea mstari.

Pasi hakuwa amesikia timu, wala hakuwa ameitazama. Wakati wenzake wanakumbatiana, yeye alikuwa bado amechuchumaa. Kulia ikashuka. Ikabana mpira na mti wa kati pamoja. Miti ile ilikuwa imeloweshwa asubuhi ikakaukia ardhini, na kwa kitambo nilichokiona mimi kama mwaka mzima haikusogea. Nikaona bega lake likipanda, lile bega la miaka ishirini na miwili ya kunyanyua chuma. Mti ukatoka na donge la udongo. Gongo la Twiga likafika kwenye chokaa.

Kabla au baada? Kila mtu alisubiri mtu mwingine aseme. Wanafunzi walianza kushangilia, wakakatiza. Nesi alikuwa amesimama na mikono kichwani. Pasi alisimama taratibu, mti mkononi, mpira umebanwa palepale. Aligeuka kumtazama yule mzee. Hakuapa safari hii, wala hakumfuata.

"Vipi, mzee?" akauliza.

Mzee wa posta alitembea. Alikwenda kwa mwamuzi mwenzake, wakaongea vichwa vimeinamiana. Akarudi. Akatazama vijiti chini, akatazama shimo la mti, akautazama mkono wa mkwe wangu na kilichokuwamo. Nilikuwa nimeng'ata kifuniko cha kalamu mpaka kimepasuka. Kisha akainua kidole.

Sitasimulia kelele, kila mtu anazijua kelele. Nitasimulia kwamba Twiga alikwenda kupinga, na mzee akamwambia sheria ipo ukurasa wa arobaini na sita, na kwamba katika ligi hii mtu mmoja tu aliwahi kukiazima kitabu. Hakunitazama aliposema hivyo. Nilishukuru, maana nilikuwa nalia.

Pasi aliuachia mpira lakini hakuuachia mti. Alikaa nao mapajani, kwenye nyasi, wasichana wamemzunguka, Chiriku akimsimulia jambo ambalo Pasi mwenyewe ndiye aliyelifanya. Baadaye mzee wa posta akaja akasimama mbele yake.

"Mti ni mali ya chama, mama," akasema.

"Najua, mzee. Napumzika nao kidogo."

Mzee akafikiri. "Pumzika," akasema, akaenda kukusanya mingine miwili.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza kama alijua, pale pale, kwamba mkono wa kushoto umeshakosea. Alikuwa anavua viatu mlangoni. Alisema hakujua kwa vidole, vidole havisikii. Alijua kwa sababu ulikuwa umekwenda vizuri mno, bila kusita, kama mezani kwake. "Nikasema haya, umeshakwenda. Sikugombana nao."

Jumatatu alimfuata msimamizi akamwambia pasi zake zimeshatengenezwa, na kama anaruhusiwa arudi meza namba tisa, kulia ishike na kushoto ifagie kama zamani. Msimamizi alimpa shati la daktari, akasimama nyuma yake. Lilitoka halina kunyanzi. Na mwenyekiti wa suti alikuja mazoezini wiki iliyofuata kutupongeza, nahodha akamuuliza kama ana swali jingine.

Kuna jambo moja la upande wangu. Katika daftari la mchezo, pale mtu alipotoka, kisanduku ni kidogo, kina nafasi ya herufi mbili tatu za kuonyesha ametokaje. Miaka yote niliheshimu visanduku vile, sikuwahi kuandika nje ya mstari. Siku ile niliandika ndani yake kama inavyotakiwa. Kisha nikaendelea, nikavuka mstari, nikaandika pembezoni kwa hati yangu ya ukutani: kwa mkono wa kulia. Wakaguzi wa chama walilikuta andiko hilo wakaniuliza ni la nini. Niliwaambia ni kwa ajili ya mkono wenyewe, ukitaka kusoma.